Sufi Ndani ya Pamba

Neno lenyewe Adelina alilisema mchana, jua la utosi, Benedikto kang'ang'ania titi, uzi uko mkononi, na Sesilia yuko chini ya miguu yake anautafuna mwisho wa uzi huohuo. Hebu niambie, mtu aliye katika hali hiyo atasema maneno ya busara? Thubutu! Adelina aliutupa uzi mkekani akapiga ukelele: "Watoto hawa wamenishinda! Aje mjomba wao awachukue, ni wake, mie nimechoka!"

Kila mama wa Kimakua husema hivyo. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Basi mtoto akikorofisha hutishwa kwa mjomba, kama watoto wa hapa pwani wanavyotishwa kwa zimwi. Mtoto hunywea kidogo, mama naye anapata kupumua, mambo yanaendelea. Hakuna anayefunga safari kwa ajili ya neno hilo. Lakini likitoka nje ya nyumba, likachukuliwa na mtu mwingine mpaka likamfikia mjomba huko aliko, hapo si tishio tena. Hapo mjomba ameitwa, na mjomba aliyeitwa haji kutembea, anakuja kuchukua.

Sasa siku ile jirani yake Adelina, bibi mmoja wa Kizaramo aitwaye Hija, alikuwa amekaa kizingitini anakuna nazi. Hija alizaliwa hapahapa Temeke, ya Wamakua hakuyajua hata chembe. Aliloliona yeye ni shoga yake anaumia. Na ikatokea kwamba alikuwa na safari ya Lindi, kuna msiba wa upande wa mumewe. Alipofika huko akamtafuta mtu wa Lukuledi, kwao Adelina, akampa lile neno kama lilivyo, akamsisitiza alifikishe. Aliporudi Temeke alikuja kumwambia Adelina kwa furaha kabisa, anajisifu, "Shoga, nimekusaidia, kaka yako atapata habari."

Adelina akajua papo hapo kwamba mjomba ameshaitwa. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyekutendea wema? Alisema ahsante.

Ilikuwa miaka ile ya vita ya pili. Mumewe, Fransis, alikuwa fundi seremala, mpole, mtu wa kucheka peke yake, wakamtia keya, jeshi la Waingereza, wakampeleka ng'ambo, Burma sijui wapi huko. Habari zake zilikuja mara chache, na nyingine hazikuja kabisa. Madukani uzi ulikuwa umeadimika, sufu ndiyo usiseme. Masista wa kliniki ya watoto wachanga walitaka kofia na soksi za vichanga, na Adelina kufuma alifundishwa misheni tangu msichana. Kufuma utafuma, uzi uko wapi? Ndipo akakumbuka kazi ya bibi yake. Akawa anapata pamba ya Rufiji, yenye mbegu zake ndani, anaichambua, anaipiga kwa kijiupinde mpaka inaumuka, kisha anaisokota kwa kijiti kilichotiwa kigae cha kifuu cha nazi chini ili kizunguke vizuri. Uzi ukishapatikana anaufuma kwa sindano alizochongewa kutoka spoku za baiskeli. Soksi za mtoto mchanga ni ndogo, zinaingia kidole gumba tu, lakini kazi yake inakula siku nzima na macho juu.

Na kazi hiyo uifanye na watoto watatu! Jamani. Sesilia alikuwa na miaka minne, mtoto wa fujo, mla udongo, akiona kijiti kinazunguka lazima akidake. Benedikto alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede, na kila alichokishika alikitia kinywani, mbegu za pamba ndiyo chakula chake. Aliyekuwa mtu pale ndani ni Filomena, wa kwanza, aliyekuwa hajaanza hata kung'oa meno ya mbele. Filomena ndiye aliyeshika uzi ukizungushwa, akakaa kimya mikono imenyooka mpaka inatetemeka. Ndiye aliyembeba Benedikto mgongoni huku miguu ya Benedikto inakaribia kuburuta chini. Ndiye aliyetoa mbegu kinywani mwa mdogo wake kwa kidole, kama mtu mzima. Adelina alimwita "mama mdogo" kwa utani, na mtoto akafurahi kuitwa hivyo.

Basi siku moja asubuhi, hodi mlangoni. Adelina alichungulia. Kasimiri, kaka yake mkubwa, kasimama uani na kifurushi chake na vumbi la safari.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo kaka."

"Marahaba, dada. Nimepata neno lako nikaja."

Hakukasirika, hakufoka. Afadhali angefoka, Adelina angepata pa kuanzia. Kasimiri alikuwa mtu mwembamba wa kikohozi, mkulima, anayesema taratibu. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akaeleza kwamba mama yao kule nyumbani amekwisha kutandika kitanda. Kwa kuwa Benedikto bado ananyonya na Sesilia bado mdogo, atamchukua Filomena kwanza. Meli ya kurudi Lindi ingeondoka mwisho wa juma.

"Kaka," Adelina alisema, "lile neno nililisema kwa hasira tu. Kama mama alivyokuwa akitutisha sisi kwa mjomba wetu."

"Najua. Lakini mama hakuwahi kulipeleka. Wewe limefika." Akamtazama. "Nami sikuja kukunyang'anya, Adelina. Nitakaa hapa nione. Nikiona unaweza, nitakuachia, na aibu ya kurudi mikono mitupu nitaibeba mwenyewe. Nikiona huwezi, namchukua mtoto, na wewe hutanuna."

Wee! Kuanzia hapo Adelina hakukaa. Alitaka kumbakiza mtoto wake, basi, hakuwa na jambo jingine duniani. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja mpaka mchanga ukabaki na mistari. Akapika uji wa mapema, akawaogesha watoto wote wakati hata maji hayajapata joto, wakapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Akakaa kusokota huku anaimba. Anaimba! Mtu ambaye tangu mumewe aondoke hajaimba ila kanisani. Mgongo unamuuma, macho yanamwasha, na bado anamtupia kaka yake tabasamu kila akipita. Hija alipoona akamwuliza kwa siri kama ana homa.

Watoto nao, nani kawaambia waharibu? Sesilia alichukua soksi iliyokwisha fumwa akaivisha kuku, kuku akakimbia nayo hadi kwenye mihogo ya watu. Benedikto aliangusha kikapu cha pamba kwenye majivu. Adelina alicheka. Kicheko kikavu hicho, lakini alicheka, maana Kasimiri alikuwa anatazama.

Kasimiri alitazama kweli. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hasemi, lakini jicho lilimfuata Filomena kila alikokwenda. Jioni moja aliuliza, "Huyu mtoto hucheza saa ngapi?"

"Anacheza, kaka. Mbona anacheza sana."

"Anacheza na nani?"

Adelina aligeuka kutazama uani. Pale nje watoto wa Hija walikuwa wanaruka kamba na kusutana kwa makelele. Filomena alikuwa amesimama pembeni na mdogo wake mgongoni, anawatazama, anayumba polepole ili mtoto alale. Adelina aliona haya, na haya ikageuka hasira, akajibu kwa ukali kwamba mtoto wa kike lazima azoee kazi. Kasimiri akarudi kwenye mpini wake.

Siku ya kuamkia safari, jioni, baada ya chakula, Kasimiri alimtuma Filomena dukani kununua chumvi, Sesilia akafuata nyuma. Kisha akasema, "Dada, nimeona. Umechoka, hilo halifichiki, lakini hukuanguka. Mtoto nakuachia. Mama nitamwambia nimekukuta imara."

Adelina alishika mkono wa kaka yake akaubusu. Machozi yalimtoka, akacheka, akayafuta kwa kanga. Alikuwa ameshinda. Filomena alipoleta chumvi, mama yake alimkumbatia bure bure tu, mtoto akashangaa. Adelina alitaka kumwambia palepale, mwanangu huendi popote, unabaki na sisi. Lakini Benedikto alikuwa analia, Sesilia kaumwa na siafu, vyombo havijaoshwa, na uchovu aliokuwa ameuzuia siku zote zile sasa ulimshukia wote kwa pamoja. Akajisemea, nitamwambia kesho. Akajilaza pembeni ya watoto hata nguo hakubadili.

Alfajiri hakusikia kitu. Alipofumbua macho kulikuwa kumekucha, Benedikto hayupo ubavuni. Alitoka uani akamkuta yuko mgongoni mwa Filomena, amelala, shingo imelegea. Kikapu cha pamba kilikuwa kimejaa pomoni, pamba imechambuliwa, nyeupe, imeumuka vizuri. Kasimiri alikuwa anafunga kifurushi chake.

"Mtoto wako ameamka na majogoo," Kasimiri alisema. "Nilimsikia anahangaika huku, nikadhani umemtuma."

Adelina alifurahi, akakaa mkekani, akachukua kijiti. Akavuta pamba, akazungusha. Uzi ukakatika. Akaunga, akazungusha tena, ukakatika. Akadhani vidole vimekufa ganzi, akavipuliza, akajaribu mara nyingine, ukakatika palepale kwenye ncha. Akadhani umande. Kisha akalitazama tonge la pamba mkononi kwa makini, akaona linang'aa. Pamba haing'ai hivyo. Akalisugua kati ya vidole, likateleza.

Sufi. Sufi ya mto wa kulalia, ile inayookotwa chini ya misufi. Sufi haisokoteki, nyuzi zake zinateleza, hazishikani, hata malaika asokote zitakatika tu. Na ikishachanganywa na pamba, ukapigwa upinde juu yake, kuitenganisha ni kuokota unyuzi mmoja mmoja. Kazi yote ya kliniki ilikuwa ndani ya kikapu kile. Adelina aliinuka akaingia chumbani. Mto wa Fransis, ule ambao hakuna aliyeulalia tangu aende vitani, ulikuwa sakafuni umepasuliwa mshono, mtupu.

Hakuuliza. Alitoka, akamkuta Filomena anasubiri na uso unaomeremeta, uso wa mtoto anayengoja kusifiwa, akampiga kofi. Kofi la mkono mzima. Benedikto aliamka kwa mshtuko akaanza kulia mgongoni mwa dada yake.

"Umefanya nini? We mtoto we, umefanya nini? Mto wa baba yako! Kazi yangu yote!"

Filomena hakulia. Alimpandisha Benedikto vizuri mgongoni, akampapasa kwanza anyamaze. Halafu ndipo akajibu, kwa sauti ndogo.

"Pamba ilikuwa imebaki kidogo. Nikaiongeza, ili kazi iishe leo."

"Nani kakwambia iishe leo?"

"Ikiisha hutachoka, mama. Ukiwa hujachoka, mjomba atakwenda zake."

Kasimiri aliacha kifurushi. Adelina alikuwa bado amenyanyua mkono, akaushusha.

"Nani amekwambia mjomba amekuja kukuchukua?"

"Wewe. Ulisema siku ile umechoka, aje atuchukue." Mtoto aliongea haraka sasa, kama anayetoa hesabu yake kwa mwalimu. "Mie nakutazama kila siku, mama. Ukishika kiuno najua umechoka kidogo, namchukua Beni. Ukinyamaza najua umechoka sana, basi namtoa na Sesi nje. Jana ulinikumbatia. Hujawahi kunikumbatia bila sababu, nikajua ndiyo naondoka. Ndiyo nikaamka."

Loo! Kuna maneno mtu akishayasikia hawezi kuyarudisha yalikotoka. Adelina alikaa chini, si kwenye mkeka, chini kwenye mchanga alioufagia. Alikuwa anajua kwamba mtoto wake anafanya kazi. Hilo alilijua na alikuwa na majibu yake. Hakujua kwamba mtoto huyu, ambaye meno yake ya utotoni hayajang'oka, anaamka kila asubuhi anautazama uso wa mama yake aone leo kuna hatari kiasi gani. Hakulala. Hakucheza. Alikuwa zamu, kama askari. Na Adelina alijiuliza jambo ambalo siku zote zile za kufagia na kuimba hakujiuliza, kwamba alichokuwa anakipigania kwa kaka yake ni nini hasa, ni mtoto, au ni ile mikono miwili ya kumsaidia?

Alimpenda. Mungu shahidi, alimpenda sana. Lakini alipotafuta mahali ambapo mapenzi yanaishia na mikono inaanzia, hakupaona, na hilo lilimtisha.

"Kaka," alisema, "mchukue."

"Jana tulimaliza maneno haya, Adelina."

"Mchukue. Kwa mama kuna watu wazima wengi. Atapata wa kumtazama yeye. Akacheze."

Ndipo Filomena alipolia. Alimtua Benedikto chini, akajitupa kwenye kikapu, akaanza kuchomoa sufi kwa vidole, nyuzi zinapeperuka, zinamganda kwenye machozi. "Nitaitoa yote, mama! Nitaitoa moja moja! Sitagusa tena mto wa baba! Nitaitoa leo leo!"

"Mwanangu, si kwa sababu ya sufi."

"Nitaitoa!"

"Si kwa sababu ya sufi, Filo. Nisikilize. Hukukosa kitu."

Lakini mwambie mtoto hukukosa kitu wakati shavu lake bado linawaka kwa kofi lako, uone kama atakuamini. Adelina alimshika, akamkumbatia, akamweleza habari za bibi, za binamu zake, za mto wa kuogelea, kwamba vita ikiisha na baba akirudi watamfuata wote. Mtoto alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu aliona mama yake anachoka kueleza.

Hija alikuja, akaambiwa, akajipiga mdomo wake kwa kiganja. "Mimi na mdomo wangu huu!" Hakuna aliyemlaumu. Alivaa kanga yake akawasindikiza mpaka bandarini, njia nzima amembeba Sesilia, hasemi neno, na Hija kutosema neno si jambo la kawaida.

Pale gatini watu walikuwa wanasukumana na mafurushi na matenga ya kuku. Filomena alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alisimama mbele ya mama yake akamshika Benedikto mguu.

"Beni akilia usiku, mpige mgongoni polepole, si tumboni. Tumboni hapendi," alisema. "Na Sesi usimwache karibu na ukuta, anabandua udongo anakula. Anajificha nyuma ya pipa. Ukiona kimya, ujue yuko pale."

"Nitaangalia, mama mdogo," Adelina alisema, na papo hapo akatamani angekuwa amemwita kwa jina lake.

"Na wewe upumzike."

Kasimiri akamshika mkono wakapanda. Mtoto aligeuka akapunga, halafu akageuka tena akapunga, kila mara anatazama uso wa mama yake kwanza. Adelina alijitahidi uso huo usimwoneshe kitu. Alisimama wima, hakushika kiuno, hakunyamaza, alikuwa anapiga kelele za kwaheri kama watu wengine wote, mpaka meli ikawa mbali na sura za watu hazionekani tena.

Walirudi Temeke jua linaelekea magharibi. Mlangoni Hija alimnyang'anya Benedikto. "Hawa wawili wanakuja kwangu leo, uji upo. Usibishe." Adelina hakuwa na nguvu za kubisha. Aliingia ndani peke yake. Alidhani atakaa aokote sufi kidogo, aanze tu. Alijinyoosha kwenye mkeka apumzishe mgongo.

Akalala. Hakuota, hakugeuka, hakusikia adhana wala mvua iliyopiga makuti usiku ule. Hakuna aliyelia, hakuna aliyevuta kanga yake, hakuna aliyetafuta titi. Alilala usingizi ambao hajaulala tangu alipozaa mtoto wa kwanza.

Alipoamka jua lilikuwa limekwisha panda. Alikaa kitako. Akajinyoosha, mgongo haukuuma. Akafikicha macho, hayakuwasha. Kichwa kilikuwa chepesi, mabega mepesi, mikono yake ilikuwa na nguvu kama ya msichana. Akajitafuta mwilini, kiunoni, shingoni, magotini, akiutafuta ule uchovu wake, hata kipande, na hakuuona popote. Hakuwa amechoka, na Filomena hakuwapo kuliona hilo. Ndipo Adelina alipojifunika uso kwa kanga akalia, na kwa Hija ng'ambo ya uwanja watoto waliacha kula wakasikiliza.